Utambuzi wa Jinsi ya Binadamu wa Kale kwa Mifupa: Mafunzo kwa Historia ya Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna wataalamu wanavyotambua iwapo mifupa ya kale ni ya mwanamke au ya mwanamume, na uzito wa utambuzi huo kwa mwanahistoria wa Shinyanga na Geita. Hoja kuu ni kwamba mfupa hausomwi peke yake: husomwa kwa kulinganishwa na mifupa mingine, na kipimo hicho cha kulinganishia kina historia yake. Kwa kutumia mifano ya Olduvai, Engare Sero, Bonde la Eyasi, pwani ya Waswahili na nchi za nje, makala yanaonesha jinsi dhana kuhusu kazi na madaraka zilivyoweza kumgeuza mwanamke kuwa mwanamume katika maandishi ya wataalamu. Mwisho yanapendekeza utaratibu wa kufuata pale mifupa inapofukuliwa katika eneo ambalo ardhi yake huchimbwa kila siku.

1.0 Utangulizi

Historia ya Usukuma, Uzinza na Unyamwezi kabla ya ukoloni imeandikwa zaidi kwa kutegemea masimulizi ya mdomo, vigae vya vyungu, mabaki ya tanuri za chuma na maandishi ya wasafiri wa karne ya 19. Mifupa ya binadamu imechangia kidogo. Sababu mojawapo ni ardhi yenyewe. Miamba yenye dhahabu ya Geita ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na udongo mwekundu uliotokana na kuoza kwa miamba ya namna hiyo kwa kawaida una tindikali ambayo hula mfupa kabla haujapata muda wa kugeuka kisukuku. Udongo mweusi wa mbuga za Shinyanga nao hupasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa masika, na mwendo huo huvunja vitu vilivyofukiwa na kuvihamisha kutoka tabaka moja hadi jingine. Hali ni tofauti Olduvai na Laetoli, ambako majivu ya volkano yalifunika na kuhifadhi masalia kwa mamilioni ya miaka.

Uhaba huo unaongeza thamani ya kila mfupa utakaopatikana. Jirani kabisa na eneo hili lipo Bonde la Ziwa Eyasi, linalopakana na Meatu, wilaya iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga hadi Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012. Huko, katika miaka ya 1930, Ludwig na Margit Kohl-Larsen walifukua mafuvu na makaburi ya kale, na masalia hayo yakapelekwa Ujerumani kuchunguzwa. Aidha, Geita na Kahama ni maeneo ambayo migodi mikubwa na maduara ya wachimbaji wadogo hufungua ardhi mchana na usiku. Swali la nini kifanyike mifupa inapoonekana, na nini kiandikwe kuihusu, si la nadharia tupu.

Ni muhimu kutofautisha istilahi mbili. Katika makala haya, jinsi ni hali ya kimaumbile ya kuwa wa kike au wa kiume. Jinsia ni nafasi, kazi na matarajio ambayo jamii humpa mtu kwa sababu ya jinsi yake. Mifupa huweza kueleza ya kwanza. Ya pili haimo ndani ya mfupa, na kosa kubwa katika uwanja huu limekuwa kuitumia ya pili ili kuikisia ya kwanza.

2.0 Jinsi Mifupa Inavyosomwa

Mfupa unaoaminika zaidi ni fupanyonga. Kwa kuwa mwili wa mwanamke umeumbwa ili kupitisha mtoto, fupanyonga la kike kwa kawaida ni pana zaidi, pembe iliyo chini ya kinena imefunguka, na mbonyeo mkubwa ulio upande wa nyuma ni mpana. Kwa mwanamume pembe hiyo ni finyu na mbonyeo umejikunja. Mwaka 1969 Terrell Phenice alieleza alama tatu za mfupa wa kinena ambazo, katika mifupa aliyoichunguza, zilimwezesha kutambua jinsi kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 95. Njia yake ingali inafundishwa hadi leo.

Fuvu hufuata. Wataalamu hutazama tuta la mfupa juu ya macho, kichomozo kilicho nyuma ya sikio, ukali wa kisogo na umbo la kidevu. Kwa wastani, alama hizo huwa nene zaidi kwa wanaume. Hatimaye hupimwa mifupa mirefu, hasa upana wa kichwa cha mfupa wa paja na cha mfupa wa mkono wa juu.

Tofauti kati ya njia hizi ni ya msingi. Fupanyonga hueleza kazi ya mwili ambayo wanawake wa jamii zote wanashiriki. Fuvu na mifupa mirefu hueleza ukubwa na nguvu, na ukubwa hutofautiana baina ya jamii na jamii, baina ya walioshiba na walioona njaa, na baina ya vizazi. Mwanamume wa jamii moja anaweza kuwa mdogo kuliko mwanamke wa jamii nyingine. Tena, fupanyonga ni jembamba sehemu ya kinena na huvunjika mapema ardhini, ilhali fuvu na meno hudumu. Mara nyingi, basi, kinachobaki ni kile kisichosema kwa uhakika.

Kwa watoto tatizo ni kubwa zaidi. Kabla ya balehe mifupa ya mvulana na ya msichana haina tofauti za kutosha, na kwa karne nzima watoto wa kale waliandikwa kuwa wasiojulikana jinsi.

3.0 Majina ya Olduvai

Namna dhana zinavyoingia katika sayansi huonekana vizuri katika majina ya utani ya masalia ya Olduvai. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey alipata fuvu la OH 5, ambalo mumewe Louis aliliita Zinjanthropus. Lilikuwa na magego makubwa na ukingo wa mfupa uliosimama utosini, na likachukuliwa kuwa la kijana wa kiume. Waliolipata walizoea kuliita kwa Kiingereza jina lenye maana ya kijana mpendwa. Masalia madogo zaidi yaliyofuata yalipewa majina ya Cinderella (OH 13) na George (OH 16). Mwaka 1968 Peter Nzube alipata fuvu la OH 24, lililokuwa limebanwa na kuwa bapa, nalo likaitwa Twiggy, jina la mwanamitindo wa Uingereza aliyevuma wakati huo kwa wembamba wake.

Kwa OH 5 hukumu hiyo ilipata nguvu baadaye. Katika miaka ya 1969 na 1970, mashariki mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, yalipatikana mafuvu mawili, KNM-ER 406 lenye ukingo utosini na KNM-ER 732 lililo dogo na lisilo na ukingo huo. Wataalamu wengi waliyasoma kama dume na jike wa spishi moja, na ukubwa wa OH 5 ukaeleweka ndani ya tofauti hiyo.

Kwa masalia mengine msingi ulikuwa mwembamba. Mwaka 1986 vipande zaidi ya 300 vya kiunzi cha OH 62 viliokotwa Olduvai. Mwenye kiunzi hicho alikuwa na kimo cha takriban mita moja, akahesabiwa kuwa wa kike kwa sababu ya udogo wake. Hapo hoja hujizungusha: masalia madogo husemwa ni ya kike, kisha husemwa kwamba wa kike walikuwa wadogo sana, na ushahidi ni masalia yaleyale. Hata Lucy, aliyepatikana Ethiopia mwaka 1974, hakusalimika na mjadala. Mwaka 1995 watafiti wawili walilichambua upya fupanyonga lake na kudai kwamba huenda alikuwa wa kiume. Dai hilo halikukubaliwa na wengi, ila lilikumbusha kwamba jina la mtu si ushahidi wa jinsi yake.

Somo lenye nguvu zaidi limetoka Afrika Kusini. Mwaka 2025 kundi la watafiti lililoongozwa na Palesa Madupe lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa protini katika meno manne ya Paranthropus robustus kutoka pango la Swartkrans, yenye umri wa takriban miaka milioni 2. Mawili yalikuwa ya kiume na mawili ya kike. Mmoja wa hao wa kiume, SK 835, hapo awali alidhaniwa kuwa wa kike kwa sababu ya udogo wa meno yake.

4.0 Kipimo Kimetoka Wapi?

Anayesema kwamba mfupa fulani ni mkubwa analinganisha na kitu. Mikusanyo mashuhuri ya mifupa iliyotumika kutunga vipimo vya jinsi ni ule wa Hamann-Todd ulioko Cleveland, ule wa Terry ulioanzia St. Louis na sasa uko chini ya Smithsonian, na ule wa Raymond Dart katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Yote imetokana zaidi na maiti za watu wa karne za 19 na 20 waliofia mijini, wengi wao maskini ambao hawakudaiwa na ndugu.

Mkusanyo wa Dart ndio wa Kiafrika, na kwa mtafiti wa Tanzania huonekana kuwa wa karibu zaidi. Hata hivyo una wanaume wengi kuliko wanawake, na sababu mojawapo inaihusu dhahabu moja kwa moja. Johannesburg ilikua juu ya migodi iliyovuta vibarua wanaume kutoka kusini mwa Afrika yote. Shirika la kuajiri vibarua lililojulikana hata kusini-magharibi mwa Tanganyika kwa jina la Wenela lilikuwa sehemu ya mfumo huo. Mtu aliyefia mbali na kwao, bila ndugu wa kumzika, ndiye aliyekuwa na nafasi kubwa ya kuishia katika maabara. Hivyo mpangilio wa ajira ya migodini umeingia ndani ya kipimo kinachotumika kuamua nani ni mwanamume na nani ni mwanamke miongoni mwa watu wa kale.

Hii haina maana kwamba vipimo hivyo havifai. Maana yake ni kwamba mfupa wa paja kutoka Kahama au Nyang'hwale, ukipimwa kwa namba za Johannesburg au Cleveland, utatoa jibu lenye shaka zaidi kuliko namba yenyewe inavyodokeza. Shaka hiyo haina budi kuandikwa.

5.0 Kazi, Madaraka na Vitu vya Kaburini

Misuli inayotumika sana huacha alama pale inapojishikiza kwenye mfupa. Alama nzito zimezoeleka kusomwa kama dalili ya uanaume. Katika historia ya Usukuma na Unyamwezi usomaji huo una hatari ya pekee. Wanawake wa huko walilima kwa jembe la mkono, walitwanga kwa kinu na mchi, walisaga kwa jiwe na walibeba maji na kuni tangu utotoni. Katika misafara ya Wanyamwezi ya karne ya 19 iliyokwenda pwani, ambamo mzigo wa mpagazi uliweza kufikia kilo 30 hivi, wanawake pia walisafiri, wakiwemo waliobeba mizigo. Mifupa ya mkono na ya bega ya mwanamke wa namna hiyo inaweza kuwa na alama nzito kuliko za karani wa kiume wa St. Louis. Mtafiti asiyejua historia ya kazi katika eneo hili atamwandika kuwa mwanamume, kisha mwanahistoria atasoma orodha hiyo na kuhitimisha kwamba kazi nzito zilikuwa za wanaume.

Vitu vya kaburini vina mtego uleule. Mfano unaojulikana zaidi ni kaburi la Bj 581 la Birka, Sweden, lililofukuliwa mwaka 1878 na Hjalmar Stolpe. Ndani yake mlikuwa na upanga, shoka, mishale, ngao na farasi wawili, na kwa zaidi ya miaka 100 aliyezikwa alitajwa kuwa shujaa wa kiume. Uchunguzi wa fupanyonga ulileta shaka, na mwaka 2017 DNA ilithibitisha kwamba mifupa hiyo ni ya mwanamke.

Hapa nyumbani mfano wa tahadhari umo katika historia ya utemi. Baada ya Mtemi Isike wa Unyanyembe kufa mwaka 1893 akipigana na Wajerumani, aliyeshika kiti alikuwa mwanamke, Nyaso. Mwanaakiolojia wa kesho atakayekuta kaburi lenye alama za utemi bila kujua habari hiyo anaweza kuandika mtemi wa kiume bila hata kugusa fupanyonga. Vivyo hivyo, uyeyushaji wa chuma magharibi mwa Ziwa Viktoria ulizungukwa na miiko iliyowaweka wanawake mbali na tanuri, na hata leo katika machimbo madogo ya dhahabu zipo imani zinazomzuia mwanamke kushuka duarani. Miiko hiyo ni ushahidi wa jinsia katika wakati wake. Kuirudisha nyuma miaka elfu moja au mbili na kuitumia kuamua jinsi ya mifupa ni kuyafanya ya leo yashuhudie ya jana.

Nyayo nazo zinaonesha ubora na udhaifu wa kulinganisha na watu wa sasa. Huko Engare Sero, karibu na Ziwa Natron, zimehifadhiwa nyayo zaidi ya 400 za binadamu, na umri wake uko kati ya miaka 5,760 na takriban 19,000. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulitenga nyayo za watu 17 waliokuwa wakienda pamoja, na kwa kupima urefu wa nyayo ukakadiria kwamba 14 kati yao walikuwa wanawake watu wazima. Watafiti walilinganisha kundi hilo na wanawake wa Kihadzabe wa Bonde la Eyasi na Waaché wa Paraguay, ambao huenda pamoja kukusanya chakula. Ufafanuzi huo una mantiki na umewapa wanawake nafasi katika picha ya zamani za kale. Lakini jinsi imekadiriwa kwa urefu wa unyayo, na kazi imekadiriwa kwa jinsi. Ngazi hizo mbili za makadirio zinapaswa kubaki wazi kwa msomaji.

6.0 Ushahidi wa Vinasaba na Protini

Njia mpya hazitegemei ukubwa. Katika DNA ya kale, wingi wa vipande vya kromosomu X na Y hueleza jinsi hata kama kilichobaki ni mfupa mdogo wa ndani ya sikio. Katika enameli ya jino, protini ya amelojenini huwa na umbo linalotokana na kromosomu X na jingine linalotokana na Y, na enameli hudumu katika joto ambalo huharibu DNA. Njia hiyo nayo ina mpaka: kuonekana kwa umbo la Y ni ushahidi wa uanaume, ila kutoonekana kwake kunaweza kutokana na uchakavu wa sampuli.

Tanzania imekwisha kufaidika na DNA ya kale. Mifupa ya mtoto mchanga wa jamii ya wafugaji aliyezikwa Luxmanda, Mkoa wa Manyara, takriban miaka 3,100 iliyopita, ilitambuliwa kuwa ya kike katika utafiti wa mwaka 2017, jambo ambalo macho matupu yasingeweza. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya watu 41 wa kale wa Kenya na Tanzania, wakiwemo waliozikwa katika pango la Gishimangeda karibu na Ziwa Eyasi.

Thamani ya kujua jinsi inaonekana zaidi katika utafiti wa pwani uliochapishwa mwaka 2023 na kundi la Chapurukha Kusimba, David Reich na wenzao. Katika mifupa ya watu 80, wengi wao wa miji ya pwani kati ya miaka 1250 na 1800, asili ya Kiajemi ilionekana kuingia hasa kwa upande wa wanaume, na asili ya Kiafrika hasa kwa upande wa wanawake. Bila kutenganisha mistari hiyo miwili, historia ya pwani ingebaki na hadithi ya wageni waliokuja, na nyumba za akina mama waliowapokea zisingeonekana.

7.0 Mapendekezo kwa Shinyanga na Geita

Mgodi wa kikoloni wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na uchimbaji mkubwa wa kisasa ulianza mwaka 2000. Katika kipindi chote hicho ardhi imegeuzwa kwa kina ambacho hakuna mwanaakiolojia angeweza kukifikia. Mfupa ukishapita kwenye makarasha hauna tena historia. Sheria zipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda visukuku vya binadamu na inamtaka anayegundua kitu cha kale atoe taarifa. Sheria ya Uhamishaji Makaburi ya 1969 inaongoza namna ya kuyahamisha makaburi ardhi inapohitajika kwa shughuli ya umma. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari kabla ya mradi. Kinachopendekezwa hapa ni mambo manne ya utendaji.

Kwanza, mifupa isiondolewe kabla ya kupigwa picha na kuandikwa ilivyolala, na fupanyonga lilindwe kuliko fuvu, kinyume cha mazoea ya kukimbilia fuvu. Pili, mpangilio wa ushahidi uwe huu: fupanyonga kwanza, vinasaba na protini pili kwa kibali na kwa sampuli ndogo, ukubwa wa mifupa tatu, na vitu vya kaburini mwisho. Tatu, kila hukumu iandikwe pamoja na daraja lake la uhakika: ya kike, huenda ya kike, isiyojulikana, huenda ya kiume, ya kiume. Neno isiyojulikana lihesabiwe kuwa matokeo halali. Nne, pale mabaki yanapohusiana na ukoo unaoishi, wazee na wenyeji wa eneo hilo washirikishwe kabla ya sampuli kuchukuliwa. Mwaka 2023 taasisi ya urithi wa utamaduni ya Berlin ilitangaza kwamba DNA ya fuvu lililochukuliwa Kilimanjaro wakati wa ukoloni imewiana na ya uzao wa Akida, mshauri wa Mangi Meli. Habari hiyo inakumbusha kwamba chini ya namba ya kabati la makumbusho alikuwepo mtu ambaye jamaa zake bado wanamngoja.

8.0 Hitimisho

Utambuzi wa jinsi kwa mifupa ni hukumu inayotolewa kwa ushahidi pungufu na kwa kipimo kilichotengenezwa mahali fulani, kwa miili ya watu fulani. Pale wataalamu walipofuata ukubwa, nguvu au silaha, walimkuta mwanamume hata mahali alipokuwepo mwanamke, na pale walipofuata udogo walimkuta mwanamke hata pale alipokuwepo mwanamume. Kwa Shinyanga na Geita, ambako wanawake walilima, walibeba mizigo na katika himaya jirani walitawala, kosa hilo likirudiwa litafuta nusu ya watu katika historia ambayo mifupa yake ni michache tangu mwanzo. Mwanahistoria anayeipokea ripoti ya mifupa anapaswa kuuliza, kabla ya kunukuu neno la kike au la kiume, ni mfupa gani uliosomwa na ulilinganishwa na wa nani.